Cheni Iliyorefuka

Ukutani kwangu kuna cheni ya kupimia ardhi, na mgeni akiiona kwa mara ya kwanza huuliza kama ilikuwa ya kufungia mbwa. Simlaumu. Ni nyaya ngumu mia moja, kila moja imepindwa jicho kwenye ncha zake na kuunganishwa na mwenzake kwa vipete vitatu, na miisho yote miwili ina mishikio ya shaba iliyolainishwa na viganja vya watu. Kiwandani ilitoka ikiwa na futi 66 kamili. Nilipoilaza kwenye lami ya mtaa wetu kando ya utepe mpya wa chuma, ilipita alama ya 66 kwa inchi tano.

Inchi tano ni kitu gani, utasema. Haya, tupige hesabu. Maili moja ni cheni 80. Inchi tano mara 80 ni inchi 400, yaani futi 33 na ushee. Mstari wa maili moja umeshameza upana wa kiwanja kidogo cha nyumba, na hakuna aliyeiba wala kudanganya. Kwenye eneo kosa linaingia mara mbili, kwa sababu cheni ile ile ndiyo iliyopima urefu na ndiyo iliyopima upana: shamba ambalo hati inasema ni ekari 100, kwa cheni hii, lina ekari 101 na robo. Cheni ikirefuka, karatasi inapungua. Babu ananunua shamba kubwa kuliko alilolipia bila kujua, halafu mjukuu anapokuja kupima upya kwa GPS anaambiwa amesogeza mpaka wa jirani.

Ndiyo maana nakusanya vyombo vya zamani vya upimaji. Watu hudhani ni mapenzi ya shaba na masanduku ya mbao ya mahogani, na sitakana kwamba macho nayo yana haki yake. Lakini mipaka tunayogombania leo kwenye mabaraza ya ardhi iliwekwa na vyombo hivi hivi, kila kimoja na ugonjwa wake, na ugonjwa wenyewe bado umo ndani ya ramani. Ukikijua chombo, ramani yake utaisoma kwa jicho jingine.

Cheni ya namna hii ni ya Edmund Gunter, mwalimu wa elimu ya nyota kwenye Chuo cha Gresham, London, aliyeieleza mwaka 1620. Futi 66 inaonekana namba ya ajabu mpaka uelewe shida aliyokuwa akiitatua. Waingereza walikuwa na ekari, na vipimo vyao vyote vilikuwa vinagoma kugawanyika kwa kumi. Gunter akatafuta urefu ambao ukipima cheni moja kwa cheni kumi, unapata ekari moja kamili, kisha akaugawa urefu huo viungo mia. Mpimaji akawa anahesabu kwa makumi na mamia. Mwishoni anasogeza nukta tu na ekari zinajitokeza. Kila baada ya viungo kumi kinaning'inia kipande cha shaba chenye meno: jino moja kwa kumi, mawili kwa ishirini, hivyo hivyo hadi manne, na katikati kabisa, kwenye hamsini, kipande cha duara. Meno hayo huanza upya kutoka kila ncha. Aliyechoka na jua anaweza kusoma 40 mahali penye 60, na hapo amekosea viungo 20, sawa na futi 13 na inchi mbili hivi. Wapimaji wa siku hizi wanaofukua mafaili ya zamani wakikuta shamba lisilofunga, yaani vipimo vya kulizunguka havirudi pale vilipoanzia, kwa futi 13, waanzie hapo kabla ya kumtuhumu mtu.

Na urefu huu wa ziada unatoka wapi? Kati ya nyaya mbili kuna vipete vitatu, kwa hiyo kila kiungo kina nyuso nane za kusagana, na cheni nzima nyuso 800. Kila uso ukilika kwa sehemu moja ya mia ya inchi, cheni imeongezeka inchi nane. Vitabu vya fani viliagiza ilinganishwe mara kwa mara na vigingi viwili vya kudumu uani kwa ofisi. Agizo zuri sana kwa mtu aliye karibu na ofisi. Huko porini, mwendo wa siku nyingi kutoka bomani, hakukuwa na vigingi, na wakati mwingine kosa lilikwenda upande wa pili: waya ukikanyagwa na kupinda, cheni inafupika. Anayeinyoosha kwa nyundo anairefusha tena.

Mzee mmoja wa Kilosa aliyeshika cheni katika ujana wake alinifundisha kitu ambacho kitabuni nilikuwa nimekisoma bila kukielewa. Aliniona nikiihangaisha uani kwake, akacheka. "Mjukuu wangu, unaikunja kama kamba ya kuanikia nguo." Akaichukua. Cheni haikunjwi kutoka nchani. Unaanza katikati, kwenye kile kipande cha duara, unaokota viungo viwili viwili na kuvilaza mshazari mpaka upate fungu moja linaloshikika. Ya kuifungua ndiyo raha yenyewe: mishikio yote miwili inabaki mkono wa kushoto, fungu linarushwa kwa mkono wa kulia, na cheni inajilaza mbele bila fundo. Aliirusha akiwa na miaka themanini na zaidi, ikanyooka.

Yeye ndiye aliyenieleza pia habari ya mishale. Mtu wa mbele huanza na mishale kumi ya waya. Kila cheni ikijaa anachomeka mmoja ardhini, wa nyuma akifika anaung'oa. Siku zote idadi aliyonayo wa nyuma ndiyo idadi ya cheni zilizopimwa. Akifikisha kumi, inaandikwa, mishale inarudishwa mbele, safari inaendelea. Mshale mmoja ukipotea kwenye majani marefu, zimepotea futi 66 nzima nzima, na ndiyo maana kila mshale ulifungwa kitambaa chekundu. "Sasa bwana mpimaji alikuwa wapi, babu?" nikamuuliza. "Kwenye mwavuli. Anaandika tunachomwambia."

Maneno hayo yamenikaa. Tunasema mpimaji fulani alipima shamba fulani, na jina lake liko juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari. Waliopima ni wale wawili wenye mishale. Macho yao na hesabu yao, pamoja na uaminifu wao wa kuvuta cheni ikakaza badala ya kuiacha ilegee kwenye kichaka, ndivyo vilivyoweka mpaka. Majina yao hayamo.

Nikiwa kwenye habari ya wabebaji, kuna kisa cha Tabora ambacho kila mkusanyaji wa vyombo hivi katika nchi yetu anapaswa kukijua. Livingstone alipofariki mwaka 1873 kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliukausha mwili wake wakaubeba hadi pwani, pamoja na karatasi zake na vyombo vyake vya kupimia. Walipofika Unyanyembe, hapo Tabora, wakamkuta Mwingereza mwingine, Verney Lovett Cameron, aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron akavitaka vile vyombo kwa safari yake mwenyewe. Akavichukua, akaenda navyo zake. Mimi huiita biashara ya kwanza ya mtumba ya vyombo vya upimaji Tanganyika, ila wauzaji hawakulipwa kitu.

Sasa tuje kwenye hekaheka za vipimo, ambapo Tanzania ina utajiri wake wa peke yake. Mjerumani alipima kwa mita na hekta. Mkonge ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 ulipandwa Tanga kwenye mashamba yaliyokatwa kwa mita. Reli ya kati iliyotoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914 ilichorwa kwa mita. Kisha vita, kisha Mwingereza na cheni yake, futi zake na ekari zake. Shamba lile lile, bikoni (alama za mpaka) zile zile, likaandikwa upya kwa kipimo kingine. Baada ya uhuru tukarudi kwenye mita. Kwa hiyo faili moja la shamba la mkonge linaweza kuwa na lugha tatu za vipimo, na kila tafsiri imeachia makombo ya desimali mahali fulani. Ndugu zetu wa Kenya wana mkoba wao: ramani nyingi za viwanja vyao vya zamani ziko kwa futi, kwenye mfumo wa kuchora ramani uitwao Cassini, juu ya umbo la dunia alilolikokotoa Clarke mwaka 1858, na kijana mwenye GPS inayosema lugha nyingine kabisa hutoka jasho kuzipatanisha.

Historia hiyo imeandikwa pia kwenye majina yaliyochongwa juu ya vyombo, na hapa mkusanyaji mpya apunguze mwendo, maana jina la kiwanda ni saa. Nina pimamaji ya darubini iliyotoka kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe. Imechongwa "Otto Fennel Söhne, Cassel". Mji huo uliandikwa kwa C hadi mwaka 1926 ndipo ukawa Kassel kwa K, basi nina hakika chombo kimetoka kiwandani kabla ya hapo, au mara tu baada, kama fundi wa kuchonga alikuwa mzito wa kubadilika. Ukikuta "Cooke, Troughton & Simms" ujue ni baada ya 1922, mwaka ambao kampuni mbili za Uingereza ziliungana. "Hilger & Watts" ni baada ya 1948. "Wild Heerbrugg" haiwezi kuwa kabla ya 1921, kwa kuwa ndipo Heinrich Wild alipoanzisha karakana yake katika kijiji hicho cha Uswisi. Mshale mpana uliopigwa mhuri kwenye shaba maana yake ni mali ya serikali ya Uingereza. Nyingi ya dira zenye mshale huo zinazookotwa huku kwetu zina tarehe za 1915 hadi 1918, na hiyo si miaka ya kupima viwanja. Zilikuja na majeshi yaliyokuwa yakimfukuza Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani.

Halafu kuna vyombo vya zama za Mwalimu. Theodolaiti, yaani vyombo vya kupimia pembe, za Carl Zeiss Jena, kutoka Ujerumani Mashariki, nchi iliyosaidia kujenga majumba ya Michenzani kule Zanzibar. Wakusanyaji wa Ulaya wanazidharau kwa sababu ni nyingi na si za shaba. Mimi nazipenda. Ukiweka mezani ya Uswisi, ya Uingereza na ya Jena, una sera ya kutofungamana na upande wowote ikiwa na miguu mitatu.

Theodolaiti ndiyo roho ya mkusanyo wowote, na bei yake ndiyo inayoumiza. Kazi yake ni moja, kupima pembe, lakini tofauti kati ya kizazi na kizazi ni kubwa mno. Ile ya kale ya shaba husomwa kwa venia: mistari midogo iliyochongwa kwenye duara la fedha, mpimaji anaizunguka na lenzi, anasoma upande huu, anahamia upande wa pili anasoma tena, anatafuta wastani. Nyingi zilisoma hadi sekunde 20, na hizi si sekunde za saa: digrii moja ya pembe ina sekunde 3,600. Sekunde 20 za pembe, kwa umbali wa kilomita moja, ni kama sentimita kumi. Kisha ikaja Wild T2. Duara lake ni la kioo, limefichwa ndani, na mwanga unaletwa na kioo kidogo cha pembeni. Pande mbili za duara zinaonekana kwa pamoja kwenye kijicho kimoja kando ya darubini, na inasoma hadi sekunde moja. Kwa kilomita hiyo hiyo, sekunde moja ni nusu sentimita. Mpimaji hakuhitaji tena kuzunguka chombo na kukikanyagia udongo kando ya miguu yake, jambo ambalo peke yake lilikuwa likiharibu kazi kwenye ardhi laini.

Ukiangalia ndani ya darubini ya zamani utaona msalaba mwembamba wa kulengea. Kwenye zile kongwe kabisa ni uzi wa buibui. Si hadithi. Hakukuwa na kitu kingine chembamba kiasi hicho, kilichonyooka na kuvumilia. Ukikatika porini, mpimaji alitafuta buibui, akavuta uzi, akaubandika kwa tone la vanishi. Baadaye msalaba ukachorwa moja kwa moja kwenye kioo, na buibui wakapumzika.

Utepe wa chuma nao una siri yake. Ulionekana dawa ya cheni, maana hauna vipete vya kulika. Lakini chuma hupanuka kwa joto. Utepe wa mita 100 uliothibitishwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi, ukilala kwenye mchanga wa Dodoma saa saba mchana na kufikia nyuzi 45, umerefuka karibu sentimita tatu. Ndiyo sababu utepe mzuri huja na kipimajoto chake na mizani ya kuvutia, na ukikuta vitatu hivyo katika mfuko mmoja wa ngozi, lipa, usibishane sana. Kwa mistari mikuu, ile iliyobeba mtandao mzima wa vituo vya upimaji vya nchi, zilitumika nyaya za invari, mchanganyiko wa chuma na nikeli ya asilimia 36 aliougundua Charles Édouard Guillaume mwaka 1896. Hupanuka kidogo sana, na ulimpa mwenyewe Tuzo ya Nobel mwaka 1920. Kazi za namna hiyo zilifanyika kwetu kati ya 1931 na 1933, Martin Hotine alipopima sehemu ya Tanganyika ya ule mnyororo wa pembetatu unaofuata longitudo ya 30 kutoka Afrika Kusini kwenda Misri. Mtandao wa ramani zetu unaoitwa Arc 1960, sisi, Kenya na Uganda, umebeba jina la tao hilo mpaka leo.

Hata Kilimanjaro imo humu. Mita 5,895 ambazo kila mtoto wa shule anazo kichwani zilipatikana mwaka 1952, kwa pembe za wima zilizosomwa kutoka vituo vya mbali. Mwaka 1999 wapimaji walipanda na GPS wakapata 5,892.55. Magazeti yakauliza mlima umepungua kwa nini. Mlima haukufanya lolote. Kilichobadilika ni chombo, pamoja na usawa wa bahari waliouchagua kuhesabia, na hewa ya kati ya theodolaiti na theluji, ambayo huupinda mwanga hata uwe na chombo cha bei gani. Kibao cha kileleni kimebaki na 5,895, na mimi naona wamefanya vizuri. Ni kipimo chenye mwaka wake.

Nanunua wapi? Mara nyingi kwa watu wa vyuma chakavu, na huko ndiko moyo hukatika. Shaba inakwenda kwa kilo. Nimewahi kufika Gerezani, ule mtaa wa Dar es Salaam, nikakuta theodolaiti imeshapasuliwa kwa nyundo ili shaba itengwe na chuma, lenzi zimetupwa, sanduku limechukuliwa na muuza karanga. "Ungepiga simu mapema, kaka," akaniambia muuzaji kwa huruma ya kweli, kisha akaniuzia miguu mitatu ya mti, ambayo mteja mwingine alikuwa anaitaka ya kuwekea pipa la maji. Njia bora ni familia za wapimaji wastaafu. Hapo unakwenda taratibu: unasalimia, unakunywa chai, unamsikiliza mama wa nyumba akieleza miaka mzee alipokuwa safarini miezi na miezi, na habari ya bei inakuja mwishoni kama itakuja. Kuna nyumba niliyotoka mikono mitupu, na ilikuwa sawa. Kile chombo kilikuwa bado ni cha mzee, ingawa mzee hayupo.

Ila nikiwa ndani ya nyumba hizo, ninachokiomba kwanza ni daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na theodolaiti bila daftari lake ni shaba iliyopambwa. Daftari la uwandani, lile jembamba la jalada gumu lililoandikwa kwa penseli, linakuambia namba ya chombo, kosa lake lililopimwa asubuhi ya siku ile, hali ya hewa, nani alishindwa kuona bendera kwa sababu ya moshi wa mashamba. Watoto huyachoma. Wanabakiza sanduku kwa sababu linapendeza, wanachoma kilicho na thamani.

Kuhusu bandia nitasema kwa ufupi. Maduka ya zawadi ya Mji Mkongwe na mitandao ya kuuzia vitu imejaa dira za shaba zenye jina la kampuni ya kale ya London na mwaka wa kubuni. Nyingi zimetengenezwa India kwa ajili ya watalii. Dira halisi ya mpimaji yenye prizimu ina tarakimu zilizoandikwa kinyumenyume, kwa sababu zinasomwa kupitia kioo kinachozigeuza, na sifuri yake iko upande wa kusini wa sindano. Ya watalii ina tarakimu zilizonyooka vizuri. Na kama kuna shairi kwenye mfuniko, rudisha.

Kutunza ni kazi nyingine. Usisugue shaba ing'ae. Vanishi ya kiwandani ikiondoka haitarudi, na weusi wa miaka ndio ushahidi wa umri. Adui mkubwa wa ukanda wetu ni ukungu unaoota kwenye lenzi, una mizizi, unakula kioo chenyewe. Vifuko vya silika vinavyokuja ndani ya viatu vipya usivitupe, vikaushe uviweke ndani ya sanduku. Mchwa wanajua mahogani kuliko wewe.

Kuna kitu kimoja sinunui kwa bei yoyote, nacho ni bikoni, au kisahani cha shaba kilichotolewa juu ya nguzo ya mlimani. Sheria ya Upimaji wa Ardhi, Sura ya 324, inakataza kung'oa alama za upimaji, lakini hata isingekataza, chombo kikishatoka kazini ni cha mkusanyaji, na bikoni haijatoka kazini. Nguzo nyingi zimechimbuliwa na watu wanaotafuta mali ya Mjerumani. Wengine huja kwangu wakiuliza kama kwenye theodolaiti kuna zebaki. Hakuna. Ila nina dhana yangu kuhusu chanzo cha uvumi huo: wasafiri na wapimaji wa karne ya 19, walipotaka kupima kimo cha jua kwa sekstanti mbali na bahari, walimimina zebaki kwenye kisahani ili iwe kioo kilicholala sawasawa, wakalenga jua na taswira yake humo. Waliibeba kwenye chupa ya chuma, nzito kupita ukubwa wake, wakiilinda kwa ukali. Mpagazi aliyebeba chupa ile kutoka Bagamoyo angefikiri nini?

Kwa sasa natafuta telurometa. Ndicho chombo kilichowastaafisha wavuta nyaya za invari: kilibuniwa na Trevor Wadley wa Afrika Kusini, kikaingia sokoni mwaka 1957, na kwa mawimbi ya redio kiliweza kupima makumi ya kilomita kutoka kilele hadi kilele, mvua au ukungu, ilimradi pasiwe na mlima katikati. Kina simu yake ya ndani, kwa hiyo wapimaji wawili waliokaa usiku kwenye vilele viwili walikuwa wakisemezana huku namba zikisomwa. Hufanya kazi kwa jozi, kimoja kinatuma, kingine kinarudisha. Nimepata kimoja, sanduku zima, namba ya kiwandani inasomeka. Peke yake hakipimi hata upana wa chumba. Mwenye cha pili, hata kama kimekufa, hata kama kuku wanatagia juu yake, anitafute. Nauli ya kukifuata ni juu yangu.